TYUBU YA BAISKELI SI VAZI LA GONGO

Wahenga hawakukosea waliponena: usione vyaelea, vimeundwa. Mpenzi msomaji, ukiwa umesimama kando ya uwanja wetu saa kumi na nusu jioni, ukaona mpira umetoka kwa mlinzi, ukapita kwa kiungo, ukatua kwenye gongo la mshambuliaji na kutiwa kimiani, wewe hupiga makofi na kushangilia hadi koo likakauka. Huulizi hata siku moja yale magongo yamefungwa nini pale juu yanaposhikwa. Kwani nani ana haja na hayo? Mpira uko chini, na macho ya watu yako chini. Mambo ya juu ya mpini humhusu mwenye mkono peke yake.

Leo nataka tuyatazame hayo mambo ya juu. Nataka kuzungumzia ule ukanda unaozungushiwa mpini wa gongo la hoki, ambao sisi wachezaji huuita gripu. Najua wengine mtacheka. Mtasema, "Wenzako wanaandika juu ya ufisadi, mazingira na mitihani, nawe watuletea habari za mipira na matambara!" Haya, chekeni, lakini msifunge ukurasa. Mdharau mwiba mguu huota tende. Na katika shule yetu mwiba huu umekwisha kumchoma mtu, tena mtu asiye na hatia.

Maoni yangu nayasema wazi kabla sijaingia ndani: tuache kuyafunga magongo yetu kwa tyubu za baiskeli. Tuyafunge kwa kitambaa cha pamba kizito, kama kile cha taulo, kule juu panaposhikwa kwa nguvu. Na sehemu ya chini ya mpini tuiache iwe laini. Sasa nitoe sababu zangu, kwa maana maneno matupu hayavunji mfupa.

Kwanza tukumbushane kwamba sisi Wakenya si wageni wa mchezo huu. Timu ya taifa ya wanaume ilicheza katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka wa 1956 kule Melbourne. Mwaka wa 1964 kule Tokyo ilimaliza ya sita. Mwaka wa 1971, Kombe la Dunia la hoki lilipochezwa kwa mara ya kwanza kabisa, mjini Barcelona, Kenya ilishika nafasi ya nne ulimwenguni. Ya nne, nasema! Nahodha wa enzi hizo, Avtar Singh Sohal, mzaliwa wa Nairobi, alicheza katika Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972. Halafu mwaka wa 1987 timu yetu ikatwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika hapa hapa Nairobi, na mwaka uliofuata ikaenda Seoul. Watu wenye historia kama hiyo hawapaswi kukiona chombo cha mchezo kama kuni. Mwanamuziki huijua kila waya ya gitaa lake, na mkulima huujua mpini wa jembe lake hata gizani. Sisi je? Tunachukua gongo lolote stoo, alimradi halijavunjika.

Kwa wasiocheza, wacha nieleze kidogo jinsi gongo linavyofanya kazi. Gongo la hoki lina upande mmoja tu ulio bapa, nao ni wa kushoto. Mpira unaruhusiwa kuguswa kwa upande huo na kingo zake. Mgongo wake wa mviringo ukigusa mpira, refa anapuliza kipenga. Wala msinitafutie gongo la wanaotumia mkono wa kushoto, halipo. Hata mashoto hucheza kwa gongo lile lile kama sisi. Kwa hiyo mpira ukija upande wako wa kushoto, sharti uligeuze gongo, ncha ielekee chini, kisha uligeuze tena kulirudisha. Mchezaji anayepiga chenga hugeuza gongo hivyo mara nyingi katika hatua chache tu.

Nani anayegeuza? Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Anayegeuza ni mkono wa kushoto, ulioko juu kabisa ya mpini. Mkono wa kulia, ulioko chini yake, kazi yake ni kuwa kama pete: hulishikilia gongo lisiende ovyo, lakini huliacha lizunguke ndani ya vidole. Halafu wakati wa kupiga mpira kwa nguvu ukifika, mkono huo wa kulia hupanda upesi ukakutana na mwenzake kule juu. Basi mpini mmoja unatakiwa ufanye kazi mbili zinazopingana. Juu ushikike, chini uteleze. Ukiufunga kitu kimoja tangu juu hadi chini bila kufikiri, lazima kazi moja itaharibika.

Sasa tuje kwenye tyubu. Mnajua vizuri desturi ya shule hii. Ukanda wa dukani ukichakaa, mtu hutumwa kwa fundi wa baiskeli pale sokoni akaombe tyubu iliyopasuka. Tunaikata kwa wembe vipande virefu vya upana wa vidole viwili, tunavivuta na kuvizungusha kuanzia juu hadi katikati ya gongo, basi kwisha. Bei yake ni ahsante. Na mfungaji mkuu wa tyubu hizo mwaka jana alikuwa ni mimi ninayeandika. Nilisifiwa sana. Kapteni alinionyesha kwa wageni akisema, "Huyu ndiye fundi wetu." Nami kichwa kikavimba, nikajiona mhandisi.

Mgala muue na haki umpe. Tyubu haikatiki upesi. Inapunguza ule mtetemo unaoupata mkononi mpira mgumu unapogonga gongo asubuhi ya baridi. Na ikiwa kavu hushika kama gundi. Lakini kushika kama gundi ndiyo hasara yake ya kwanza! Mkono wa kulia unataka kuteleza, tyubu inakataa. Ngozi ya kiganja inavutwa huku na huku, na baada ya mazoezi ya siku mbili malengelenge yamejaa. Wale wa kidato cha kwanza mnaowaona wakishika kalamu kama wameshika kaa la moto, si wavivu wa kuandika. Wametoka kushika tyubu.

Hasara ya pili ni unene. Tyubu huzungushwa tabaka juu ya tabaka ili isifunguke, hadi mpini unakuwa kama mchi wa kinu. Kanuni za mchezo zinasema gongo, pamoja na kila kitu kilichozungushiwa juu yake, liweze kupita katika pete ya upana wa milimita 51, na uzito wake usizidi gramu 737. Yako magongo niliyoyafunga mimi ambayo nisingethubutu kuyatia katika pete hiyo mbele ya refa. Na msichana mwenye mkono mdogo akishika mchi, vidole havifiki kiganjani, hivyo hukaza misuli muda wote. Kabla mchezo haujaisha mkono umekufa ganzi.

Hasara ya tatu ndiyo kubwa, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mpira wa tyubu haunywi maji. Jasho likitoka, au mvua ikinyesha, maji hayana pa kwenda. Yanakaa katikati ya kiganja na tyubu kama mafuta kwenye sufuria. Kile kilichoshika kama gundi dakika tano zilizopita sasa kinateleza kama kambare.

Wengi wenu mlikuwapo siku ya nusu fainali ya kaunti ndogo. Mnakumbuka ile mvua. Tulikuwa sare, kipindi cha mwisho, tukapata kona fupi. Mpigaji wetu, ambaye sitamtaja lakini nyote mnamjua, akakimbia, akainua gongo, akapiga. Mpira ukabaki pale pale. Gongo likaruka. Lilipita juu ya mstari likamkuta msichana wa kidato cha kwanza aliyekuwa amebeba chupa zetu za maji. Likamchana mdomo na kumvunja jino la mbele, nusu yake. Moyo ulinidunda hadi masikioni. Mpaka leo msichana huyo akicheka huweka mkono mdomoni.

Mchezo tukashindwa, na njiani kwenye basi ndimi zikaanza. Ati mpigaji ana mikono ya mrenda. Ati alikuwa anajionyesha. Bwenini wakamtungia jina. Hakujibu neno. Wiki iliyofuata akarudisha jezi yake kwa kapteni na hajakanyaga uwanja tena. Mchezaji bora kuliko sisi sote.

Wacha niwaambie kitu ambacho sikukisema siku ile. Mimi ndimi niliyeliokota lile gongo kwenye matope. Nililishika pale pale alipokuwa ameshika yeye, nikakaza kwa nguvu zangu zote, na likanitoka. Nilijua papo hapo. Ile tyubu niliifunga mimi Jumatano, nikaipangusa hadi ikang'aa ili ipendeze. Mwalimu wa michezo alipouliza kwenye basi kama vifaa vyote vilikuwa sawa, nilitazama dirishani. Nilikaa kimya wiki tatu nzima kabla ya kwenda kumwambia ukweli, na wiki tatu ni nyingi mno mwenzako akisemwa kwa kosa lako. Mwalimu hakunigombeza. Aliniambia tu, "Basi wewe uliyeleta ugonjwa, tafuta dawa."

Nikaitafuta. Likizo ya Agosti niliruhusiwa kwenda nyumbani na magongo matatu mazee. Moja nikaliacha na tyubu yake. La pili nikalifunga vipande vya taulo kuukuu. La tatu nikalifunga ukanda mwembamba wa ngozi laini ya mbuzi niliopewa na fundi viatu. Kila siku nililitumia kila moja kwa mapigo 20 makavu, kisha nikayamwagia maji kwa kopo na kupiga mengine 20. Ndugu zangu waliniona nimerukwa na akili. Nyanya yangu peke yake ndiye aliyekaa kitako akatazama, kisha akasema jambo ambalo sikulisahau: "Mbona mimi sifungi jembe langu kitu?" Kweli, mpini wa jembe ni mbao tupu iliyolainishwa na mikono yenyewe, kwa sababu mkono mmoja wa mlimaji hupanda na kushuka kila anapoinua jembe. Ajuza huyo hajaona hoki maishani, lakini alikuwa amenieleza nusu ya hoja yangu.

Matokeo yangu ni haya. Tyubu kavu ilikuwa imara, tyubu mbichi ilikuwa hatari. Ngozi ilinifurahisha kuliko zote: ni nyembamba, na ikilowa kidogo hushika vizuri zaidi. Lakini ikilowa chepechepe kisha ikaachwa juani, hukauka ikawa ngumu kama gome la mti, na lazima uifikicheni kwa mikono hadi ilainike tena. Kwa mtu mmoja mwenye gongo lake na subira yake, ngozi ni chaguo zuri. Kwa stoo ya shule, ambako gongo hurushwa pembeni likiwa na matope, haitamaliza muhula. Taulo ndilo lililonishangaza. Pamba hunywa jasho, na hata nilipoimwagia maji kopo zima, zile nyuzi zake zilizosimama bado ziliuma kiganjani. Halikuwa na mshiko wa ajabu lakini halikunitoka mkononi hata mara moja. Malengelenge nayo yalipungua, maana kiganja kikavu hakichubuki upesi kama kilicholowa.

Najua hoja za wapinzani wangu, maana tumezibishania hadi kengele ya kulala.

Wa kwanza atasema taulo hunuka. Ni kweli, hunuka! Likikaa na jasho la mwezi mzima hata paka hukimbia. Lakini soksi zako nazo hunuka, na dawa yake si kuvaa soksi za mpira, ni kuzifua. Kitambaa cha taulo hubadilishwa kila baada ya wiki chache, na shule yenye mamia ya wanafunzi haiwezi kukosa mataulo makuukuu.

Wa pili atasema mbona mipini ya kriketi hufungwa mpira na hakuna anayelalamika. Hoja nzuri hiyo, nami ilinikalia kichwani siku mbili. Lakini tazameni mikono ya mpigaji wa kriketi: amevaa glavu zote mbili. Tena bao la kriketi halizungushwi mkononi kila mara kama gongo letu. Ukitaka mfano wa karibu zaidi, mtazame mcheza pool. Fimbo yake huzungushiwa uzi wa kitani au ngozi, ama huachwa mbao tupu, kwa sababu mkono wa nyuma sharti uishike taratibu na jasho lisiikwamishe. Msiniulize nilimwona wapi mcheza pool, hasa ninyi walimu.

Wa tatu atasema tununue gripu za dukani, zile laini zenye vitundu vidogo vidogo. Sikatai, ni nzuri. Wenzetu wachache wenye uwezo wanazo na wanazifurahia. Lakini gripu hizo huchakaa nazo, na magongo ya shule ni mengi. Fedha zikipatikana, mimi ningependa kwanza zinunue vikinga meno vya timu nzima. Jino halibadilishwi kila baada ya wiki chache.

Kuna na wale wanaopaka mikono unga wa chaki waliouchota ubaoni. Hao siwajibu. Walimu watawajibu.

Basi nashauri hivi. Kwanza, tyubu zote zilizoko juu ya mipini zivuliwe. Anayeogopa mtetemo aache tabaka moja tu jembamba ndani, chini ya kitambaa. Pili, tukate taulo vipande vya upana wa vidole viwili, tuanze kuzungusha juu kabisa tukitengeneza kifundo kidogo cha kuzuia mkono usitoke, tuvute kwa nguvu, kila mzunguko ukalie ukingo wa ule uliotangulia, na tuishie kiasi cha sentimita 25 kutoka juu. Mwisho wake ufungwe kwa teipu nyeusi ya mafundi wa stima. Chini ya hapo mpini ubaki mbao laini. Tatu, na hili ni la bure kabisa, kabla ya kila mchezo kapteni amwage maji kidogo kwenye kila gongo na mwenye gongo akaze mkono mbele yake. Likimtoka, haliingii uwanjani. Sisi tulilijaribu gongo letu kwa mara ya kwanza mdomoni mwa mtoto wa watu.

Siandiki haya kujitakasa. Maji yakimwagika hayazoleki, na jino la yule mdogo wetu halitaota tena. Nimekwisha kumwomba radhi yeye na mama yake. Lakini yuko mmoja ambaye shule nzima inadaiwa naye, nami wa kwanza. Nasema hapa mbele ya wanafunzi na walimu, kwa maandishi yasiyofutika: mpigaji wetu hakuwa na mikono ya mrenda. Alipewa gongo baya, na aliyelifunga ni mimi. Lile jina mlilomtungia, kama mnataka kulitumia, niiteni mimi.

Gongo lake liko stoo, la tatu kutoka mlangoni. Nimelivua tyubu, nikalipiga msasa, nikalifunga taulo la bluu nililokatwa nalo roho kulichana kwa sababu lilikuwa bado jipya. Nimelimwagia maji nikalijaribu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sijamwambia bado. Ajuaye atakaposoma haya anaweza kumfikishia habari kwamba mazoezi ni saa kumi na nusu, kama zamani.

Mwenye masikio amesikia. Naweka kalamu chini.